Mlango wa mninga umebabuka kwa jua: nianzie wapi?

"Fundi, shikamoo. Nyumba yetu iko Tanga. Mlango wa mbele ni mninga mtupu, una paneli sita, tuliutengenezesha miaka minne iliyopita na siku ulipofungwa ulikuwa unang'aa kama kioo. Unatazama magharibi, na juu yake kuna bati la kibaraza linalotokeza kama mita moja. Sasa nusu ya chini vanishi imebabuka, inatoka magamba kama ya samaki, na mbao yenyewe imekuwa ya kijivu. Nusu ya juu bado nzuri. Fundi aliyeutengeneza anasema atapiga msasa kidogo aongeze vanishi juu. Jirani anasema nipake oili chafu kama ya kwenye nguzo. Mume wangu anataka tuupake rangi ya kahawia yaishe. Mimi naupenda ule mninga. Niliusugua mwenyewe kwa stilwaya na sabuni, baada ya wiki yakatokea madoadoa meusi. Je, mlango umeshaharibika, tununue mwingine? Na kama ni kupaka, hiyo vanishi itakaa miaka mingapi?"

Marahaba, dada yangu. Mlango mpya usinunue. Huo ulio nao ni mzima, ngozi yake ndiyo iliyoungua. Kama huniamini, chukua bisibisi ufungue bamba la kitasa. Chini ya bamba utakuta mninga uleule wa siku ya kwanza, una rangi yake na michirizi yake, kwa sababu jua halikufika pale. Na hivyo ndivyo mlango wote ulivyo ukishaondoa kile cha juu. Mlango wa nje huwa na unene wa milimita 40 hadi 45, na hicho kijivu unachokiona mara nyingi hakifiki hata milimita moja. Watu wengi hudhani jua likishaipata mbao limeingia hadi kwenye kiini. Haliingii. Mwanga unakomea juu kabisa, hata unene wa karatasi ni mwingi, na kinachofuata hapo ni kazi ya mvua na ukungu.

Sasa nenda tena mlangoni, bandua gamba moja la vanishi kwa ukucha, kubwa kadiri utakavyolipata, kisha ligeuze uangalie upande wa ndani. Lipeleke penye mwanga. Utaona limeshika unga wa kahawia na vinyuzi vyembamba kama vya pamba. Ule unga ni mbao. Gamba lenyewe bado zima, likipinda linaweza hata kukatika kwa sauti. Maana yake vanishi haikuachia mbao, ni mbao iliyoachiana yenyewe chini ya vanishi. Naomba ulishike hilo gamba mkononi unaposoma yanayofuata, maana ushauri wote uliopewa unaamuliwa na kile kilichogandia nyuma yake.

Mbao imejengwa kama nguzo ya zege. Kuna nyuzi ndefu za selulosi, hizo ndizo nondo, na kuna kitu kinaitwa lignini, kama robo hivi ya mbao yote, hicho ndicho zege linaloshikilia nondo zisitawanyike. Katika mwanga wa jua mna mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, nayo huikata lignini vipandevipande. Mvua ikija inaisuuza hiyo lignini iliyokatika pamoja na rangi asili ya mti, zinabaki nyuzi tupu za selulosi, ambazo kwa asili ni nyeupe. Vumbi na ukungu vikikaa juu yake unapata kile kijivu. Vanishi isiyo na rangi ni kama kioo cha dirisha, sifa yake ni kwamba unaona mbao, na kama wewe unaiona mbao basi mwanga pia umeifikia. Kwa hiyo unaweza kuwa na vanishi nzuri kabisa juu, na chini yake zege linameguka kimyakimya mwaka hadi mwaka. Siku maji yanapopata ufa mmoja tu, yanapita chini ya ngozi, jua linayachemsha, na magamba yanaanza kutoka.

Umeniambia nusu ya chini imekwisha na ya juu ni nzuri. Hilo halikunishangaza hata kidogo, bati lako la mita moja linalieleza lote. Kwetu huku pwani, jua la saa tisa na nusu alasiri huwa liko kama nusu ya mbingu, kwa hiyo bati la mita moja linatupa kivuli cha kama mita moja kushuka chini. Mlango wa kawaida una urefu wa mita 2.1, basi nusu ya chini tayari iko juani. Ikifika saa kumi na moja jua limeinama, na kivuli hakifiki hata nusu mita. Mlango unaotazama kaskazini au kusini hupumzika sehemu ya mwaka, kwa sababu jua lina miezi ya upande huu na miezi ya upande ule. Wa magharibi hauna likizo. Tena unalichukua jua la alasiri mbao ikiwa imeshapata joto la mchana kutwa.

Kuhusu fundi wako, sina ugomvi naye, ila nahisi najua alichopaka. Karakana nyingi za samani humaliza kila kitu kwa njia moja: sila ya kuziba vitundu vya mbao, msasa, kisha laka, ile vanishi ya samani ya kung'aa, kwa bomba la kompresa. Kwenye kabati na kitanda ni kazi safi, inakauka upesi na inapendeza mteja akija kuchukua mzigo. Lakini laka ya samani ni ngumu na haina mnyumbuliko. Mbao ya nje inavimba kidogo masika na kusinyaa kidogo kiangazi, na laka haiwezi kufuata, inapasuka. Bahati yako ni kwamba mninga ni katika mbao zinazochezacheza kidogo sana, ndiyo maana umefika miaka minne. Ungekuwa paini ungeniandikia baada ya mwaka.

Pendekezo lake la kupiga msasa kidogo na kuongeza vanishi juu likatae kwa upole. Lile gamba ulilonalo mkononi linakuambia kwa nini: vanishi mpya itashika magamba ya zamani na ule unga, na vyote viwili viko njiani kutoka. Utalipa leo, utaona mlango umependeza hadi Idi, na masika yajayo utakuwa pale pale. Hata ile nusu ya juu unayoiona nzuri ijaribu kwanza. Bandika selotepu pana, ikandamize vizuri, kisha ivute kwa nguvu mara moja. Ikitoka na vanishi, nayo imeshaachia. Na hata ikikataa kutoka, mimi ningeibabua yote, kwa sababu mlango wenye nusu mpya na nusu ya zamani hauwezi kulingana rangi, na kila mgeni ataiona ile mistari kabla hajapiga hodi.

Oili chafu usiiguse. Mafuta ya injini hayakauki hata yakikaa mwaka, yatachafua kanzu na nguo za watoto, yatanuka kila alasiri joto likipanda, na ukija kutaka kupaka chochote kingine hakitashika kwa sababu mbao imeshakunywa. Isitoshe, oili iliyotumika ina masizi na chembe za metali ambazo si za kushikwashikwa mikononi kila siku. Najua watu wa pwani wana kumbukumbu ya majahazi yaliyopakwa sifa, yale mafuta ya papa, na deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kwenye sehemu inayokaa chini ya maji. Ni kweli, na vyombo vilidumu. Lakini mabaharia wale walikuwa wakipaka tena na tena, maisha yote ya chombo, na hakuna aliyeegemea jahazi akiwa amevaa nguo za harusi.

Yale madoadoa meusi, samahani, ni mkono wako. Stilwaya ni chuma. Ulipokuwa unasugua, vipande vidogo mno vilikatika vikabaki kwenye matundu ya mbao. Chuma kikipata unyevu kikakutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, hutoka wino mweusi. Si kuoza wala si ugonjwa wa mbao. Mengi yataondoka kwa msasa. Yakibaki machache, kuna unga wa asidi ya oksaliki ambao mafundi wa mbao hutumia: unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, unapakwa, unaachwa kidogo, kisha unasuuzwa kwa maji mengi. Ni sumu, kwa hiyo glovu mkononi na watoto mbali, na usiuchanganye kamwe na jiki. Kama misumari au skrubu za bamba ndizo zinazotoa kutu, badilisha uweke za shaba au za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi ya Tanga haitaacha kuzila.

Sasa uchaguzi. Mume wako anayetaka rangi ya kahawia hajakosea, na sipendi kumsingizia kuwa hana jicho. Rangi ya mafuta ndiyo inayolinda kuliko vyote, kwa sababu chembe zake zinazuia mwanga kabisa, mbao haioni jua tena. Juu ya mbao iliyoandaliwa vizuri, na praima yake chini, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, mlango wako ungeweza kukaa miaka mitano na zaidi bila kuguswa. Gharama yake ni kwamba umelipia mninga kisha ukaufunika, na kuubabua baadaye ili uuone tena ni kazi kubwa kuliko hii ya leo.

Vanishi ya boti, ile inayotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini, ni laini zaidi ya laka, inanyumbulika na mbao, na ndani yake mna dawa ya kupunguza urujuanimno. Inapendeza mno. Lakini ile dawa nayo huisha kadiri inavyofanya kazi, na kwa mlango wa pwani unaotazama magharibi mimi humwambia mteja mapema: kila mwaka uukwaruze kidogo kwa msasa laini na uongeze mkono mmoja au miwili, yaani tabaka moja au mawili ya vanishi. Asiyeweza ahadi hiyo asiichukue. Anayesema vanishi yake angavu itakaa miaka kumi juani anakuuzia maneno.

Njia ya tatu, ambayo ningeichagua kwa mlango wako, ni mafuta ya mbao ya nje yaliyotiwa rangi, kahawia ya mninga au nyekundu ya kutu, yale yanayoingia ndani ya mbao bila kujenga ngozi nene juu. Chembe za rangi zinakata mwanga, na nyuzi za mbao bado zinaonekana. Hayang'ai kama kioo, hilo ujue mapema. Faida yake kubwa ni namna yanavyozeeka: hayatoi magamba, yanafifia tu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, miwili, unaosha mlango, unaukausha, unapaka tena mkono mmoja, umemaliza kwa asubuhi moja. Wewe unapenda mninga na mume wako anataka yaishe, nadhani hapa mnaweza kukutana. Ila hakikisha ni yenye rangi. Yasiyo na rangi ni kioo kingine tu.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuung'oa mlango kwenye bawaba na kuulaza kivulini. Usiku mtalalaje bila mlango wa mbele? Kama mna geti la nondo, basi. Kama hamna, panga kazi ili jioni urudishwe. Magamba yanayotoka kirahisi yakwanguliwe kwa skrepa. Yanayong'ang'ania yapewe rimuva, dawa ya kubandulia vanishi, nje penye upepo, kwa glovu na miwani, maana mvuke wake unalevya na unaunguza. Usikubali kostiki soda, inaugeuza mninga kuwa mweusi na inadhoofisha nyuzi. Na ukimwona fundi anachomeka grinda yenye diski ya msasa, mwambie asubiri kwanza. Grinda inaenda haraka, lakini inachimba miduara ambayo huioni mpaka rangi ikishapakwa, halafu unaiona kila siku. Msasa ufuate nyuzi: namba 80 hadi kijivu chote kiondoke, kisha 120, umalizie 150 na uishie hapo. Kwenye meza ungeenda 240 iwe kama hariri, kwa mlango wa nje uso laini mno unakosa pa kushikia. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na wenye pumu wakae mbali kabisa.

Ukishafika kwenye mbao safi, usiiache. Hili nilijifunza kwa aibu. Nilishawahi kupiga msasa mlango wa mteja ukawa kama mpya, fedha ya vanishi ikachelewa, mlango ukaegemezwa ukutani nje kwa wiki tatu. Kwa macho ulikuwa bado safi, nikapaka. Haikufika miezi sita ikaanza kubanduka, na mimi nikilalamikia mkebe. Kumbe wiki tatu za jua zilitosha kuanza kumega ile lignini, na mimi nilipaka juu ya unga. Tangu hapo sianzi kusugua kabla mkebe haujafika mkononi. Siku ya msasa wa mwisho, au kesho yake, mkono wa kwanza uwe umeshapakwa.

Na usisahau ukingo wa chini. Ndio unaokunywa maji kuliko sehemu yoyote ya mlango, kwa sababu kwenye miimo ya pembeni nyuzi zimekatwa na vinywa vyake vinatazama sakafuni, kama mirija. Mafundi wengi hawaupaki kwa kuwa mlango umeshafungwa kwenye bawaba na hakuna anayeuona ukingo huo. Ulaze mlango, upake ukingo wa chini na wa juu mikono miwili mitatu hadi ukatae kunywa. Paka pia upande wa ndani wa mlango, hata kama ni mkono mmoja, ili pande zote mbili zivute unyevu sawa na mlango usipinde.

Kwa mafuta yenye rangi, mikono miwili myembamba inatosha, na ziada ifutwe kwa kitambaa baada ya robo saa hivi au kama mkebe unavyoelekeza. Kwa vanishi ya boti hesabu mikono minne mitano, wa kwanza ukiwa umelainishwa kwa tapentaini, na kila mkono ukauke usiku mzima kabla hujaukwaruza kwa msasa namba 220 na kuendelea. Vyovyote utakavyochagua, usipake mlango ukiwa juani. Uso unakauka kabla ya ndani, unapata mapovu na mikunjo. Mlango wako uko kivulini asubuhi yote, basi anza saa tatu umande ukishaondoka, umalize kabla ya adhuhuri. Na msimu ni Juni hadi Septemba, masika yakishapita na mbao ikishakauka. Januari na Februari pia panafaa.

Vitambaa ulivyofutia mafuta usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta yanayokauka kama ya kitani hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje hadi viwe vikavu kama ngozi, au uviloweshe kwenye ndoo ya maji.

Kisha kivuli. Bati ukilirefusha hadi mita moja na nusu utasaidia kidogo tu, jua la saa kumi na moja litaingia chini yake vilevile. Pazia la mianzi la kukunja, linaloteremshwa baada ya adhuhuri na kupandishwa magharibi, litafanya kazi kuliko mkebe wowote nilioutaja. Mti pembeni mwa uwanja, upande jua linakotulia, ni bora zaidi, ila huo ni wa kusubiri.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka huku. Chukua kisu kidogo uchome mbao karibu na sakafu na penye maungio. Kikigota, salama. Kikizama kama kwenye mhogo wa kuchemsha, kuna uozo, na msasa hautaponya. Ukiona unga mwembamba umedondoka chini kila asubuhi, au vijitundu vya duara, huyo ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Ukiona njia za udongo kwenye fremu, ni mchwa, na huenda tatizo liko ukutani. Mlango ukiwa umepinda kiasi kwamba kitasa hakifungi, au paneli imepasuka kati, au maungio yanachezacheza ukiutikisa, mwite seremala auone kwa macho kabla hujanunua hata msasa. Na kwa wasomaji wengine wenye milango ya nakshi ya zamani, ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au ya Lamu: msasa usiguse nakshi, unakula kingo zake na hazirudi. Hiyo ni kazi ya mtu wa nakshi, na katika miji hiyo iliyohifadhiwa uliza kwanza mamlaka ya uhifadhi kabla ya kubadilisha chochote kinachoonekana kutoka barabarani.

Wa kwako si wa namna hiyo, dada. Ukishamaliza, kila mwaka kabla ya masika nyunyiza matone ya maji nusu ya chini, pale bati lisipofika. Yakisimama kama shanga, uache mlango hadi mwaka ujao. Yakizama na kuacha doa la giza, tafuta brashi wiki hiyohiyo, kabla mvua haijaanza.